Lipu ya Kifaru

Ukitaka kumjua Amongin, usimtazame usoni. Tazama anavyogusa bati. Hufumba macho, huweka kiganja kwenye mlango wa lori lililogongwa, hukitembeza polepole kama mama anayetafuta mahali mwanawe anapoumwa, kisha husema, "Hapa bado kuna bonde." Dereva huinama, hukodoa macho, haoni kitu. Amongin humshika mkono na kuuweka palepale. Wengi hucheka, kwa sababu bonde lipo.

Gereji iko Busia, upande wa Uganda, nyuma ya uwanja ambako matrela hungoja zamu ya kuvuka mpaka. Mwenyewe ni Osinya, mtu wa Mukuju, mnene, mwepesi wa kuchokoza watu na mwepesi wa kusahau. Lugha ya kazi ni Kiswahili, maana madereva hutoka Mombasa, Bunia, Kigali na Juba, na hakuna aliye tayari kujifunza lugha ya mwenzake kwa ajili ya taa iliyovunjika. Ni Kiswahili cha njiani, kimekatwa mikia, kimetiwa Kiteso, Kisamia na Kidhopadhola, na hakimuulizi mtu ngeli.

Amongin alifika hapo akiuza uji. Siku moja alimwambia fundi mmoja kwamba ile filla anayoziba nayo mlango itapasuka kabla lori halijafika Tororo. Fundi akamtupia msasa: haya, mama wa uji, tuonyeshe. Uji ukapoa ndooni, mlango ukatoka laini kama kioo, na tangu hapo uji anauza mtu mwingine. Mume wake, dereva wa masafa ya Juba, akirudi nyumbani humkuta ana vumbi la filla mpaka kwenye kope. "Niliacha mke," husema, "nimerudi nimekuta andazi."

Kazi yake hutoka langoni kwa jina la Osinya. Ndivyo gereji zilivyo. Mtu husema gari limenyooshwa kwa Osinya. Hakuna anayeuliza ni kiganja cha nani kilichotafuta mabonde. Amongin hakulalamika kamwe. Lakini jambo lile alilijua, kama mtu anavyojua kuna kijiwe kwenye kiatu chake hata akiwa amekaa.

Wala ufundi wake hakuupata gerejini. Aliupata Sikuda, kwa mamake, kwenye kuta za nyumba. Huko ndiko alikojifunza kusiriba: udongo wa kichuguu, samadi, majivu, maji kidogo kidogo, na kiganja kinachojua wakati wa kukaza na wakati wa kuteleza. Na kijijini kwao palikuwa na desturi. Ukimkuta mwanamke anasiriba ukuta, humpiti hivi hivi. Unamsalimu, naye anakujibu, "Tia mkono." Unanawa, unachota udongo, unaacha alama yako mahali: huyu miezi michanga, yule mawimbi, mwingine vidole vyake tu. Mkono ukishatiwa, hauondolewi na mtu mwingine. Jirani mmoja wa mamake aliwahi kuisawazisha alama ya wifi yake eti imepinda. Wifi hakuingia tena nyumba ile. Hata siku ya matanga alikaa nje, tena upande wa ukuta mwingine.

Basi huyo ndiye mwanamke ambaye Injinia Oguttu alimletea kifaru.

Si mnyama, ni lile gari la vita lenye minyororo na mzinga. Oguttu ni Msamia wa Busia ya Kenya, mstaafu wa mitambo ya kiwanda cha sukari, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Wenzake walipostaafu walinunua ng'ombe. Yeye alinunua mabati, mota na betri za pikipiki, akatengeneza mfano wa kifaru cha Kijerumani cha zamani, robo ya ukubwa wa kifaru chenyewe. Ni kama kitanda cha watu wawili chenye mnara juu yake. Kinaendeshwa kwa rimoti. Mpakani afisa alitaka kujua kama mzinga unapiga. Oguttu alipomwonyesha kwamba ni bomba la maji, afisa akaomba kiendeshwe kidogo, wenzake wakatoka ofisini, na foleni ya watu ikasimama ikitazama kifaru kikizunguka nguzo ya bendera.

Kilichobaki ni ngozi yake. Katika vita vikuu vya pili, Wajerumani waliogopa mabomu ya sumaku ambayo askari wa miguu angeweza kuyabandika kwenye chuma kisha akakimbia. Wakavipaka vifaru vyao lipu nene yenye matuta, ili sumaku isipate chuma cha kushika. Oguttu aliziweka picha juu ya boneti ya gari, moja baada ya nyingine: matuta mafupi ya mlalo, yamepangwa safu kwa safu kama ngazi zilizobanana, mwili mzima.

"Nilijaribu kwa filla," akasema. "Kilipotembea mara ya kwanza uani, yote ilimwagika. Kama ganda la yai, dada."

"Filla haipendi kutikiswa," Amongin akasema. Alikuwa tayari amefumba macho, kiganja ubavuni mwa kifaru.

"Kuna maonyesho ya mafundi Tororo, Jumamosi. Kila chombo kinawekewa kibao cha shaba chenye majina ya waliokitengeneza. Wa minyororo ameandikwa. Wa mota ameandikwa. Lipu ikishika, na ikiwa kama hii ya kwenye picha, utaandikwa wewe. Ikipasuka, au ikiwa ya kubahatisha, nitakipaka rangi tupu kiende hivyo hivyo, na nafasi yako itabaki wazi."

Osinya alisikia kutoka chini ya lori. "Andika Gereji ya Osinya," akasema. "Mimi ndiyo natoa kivuli."

"Kibao kinaandikwa mikono," Oguttu akamjibu. "Kivuli hakiandikwi."

Amongin alifungua macho. Kijiwe kile kiatuni kilijigeuza. "Niachie," akasema. "Njoo Ijumaa na pikapu yako."

Hakuwa na wasiwasi, na hakujifanya anao kwa ajili ya adabu. Aliacha filla kabisa. Alichukua gundi nyeupe ya mbao, vumbi la msumeno lililochekechwa, udongo wa kichuguu uliotwangwa ukawa kama unga wa mtama, na majivu kidogo. Oguttu alimpigia simu kuuliza mchanganyiko una nini. Akatajiwa.

"Na samadi?" akauliza.

"Nimeiacha, Injinia. Lakini ujue umekinyima kifaru kitu kizuri."

Aliupaka mchanganyiko kwenye mlango wa zamani wa Fuso, akaufunga mlango ule nyuma ya lori lililokuwa likienda Tororo kuchukua simenti, na akamwambia dereva asikwepe shimo hata moja. Dereva hakuhitaji kuambiwa. Mlango ulirudi mwekundu kwa vumbi, umepigwa na mawe, na lipu iko palepale. Amongin aliugonga kwa rungu la mpira. Pale alipogonga kwa nguvu sana, kipande kilimeguka kikaanguka, lakini ufa haukutembea. Uliishia hapo hapo. Vumbi la mbao lilikuwa limeushika kama nyasi zinavyoshika udongo ukutani. Alitabasamu peke yake, akaenda kula.

Ijumaa asubuhi alianza mapema, jua likiwa bado zuri. Alikuwa amekwisha kukwaruza chuma chote kwa msasa mkali ili lipu ipate meno ya kushikia. Sasa alipaka sehemu moja, unene wa kidole chembamba, akaisawazisha, kisha akachukua kipande cha bati alichokikata meno na kukandamiza matuta, moja juu ya jingine, akishuka. Safu ikiisha, anahamia ya pili. Kazi hiyo ina mwendo wake, na mwendo ukikubali, mtu hupotelea humo. Mbele akamaliza. Ubavu wa kulia akamaliza. Mnara akauzunguka. Ilipofika saa nne alikuwa ubavu wa kushoto, nyuma, mikono imejaa lipu mpaka kwenye viwiko.

"Yoga, Amongin," ikasema sauti nyuma yake.

"Yoga noi," akajibu bila kugeuka. Na kwa kuwa alikuwa anasiriba, na kwa kuwa sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima wa Sikuda, mdomo wake ukamalizia wenyewe: "Tia mkono."

Hapo ndipo alipogeuka. Alikuwa Shangazi Felistus, dada wa baba yake, aliyekuja na kikapu cha karanga kichwani. Alikuwa ameshakishusha. Alikuwa ameshaanza kunawa.

Neno lilikuwa limetoka, na neno hilo halirudishwi. Shangazi alikunja mikono ya gauni, akachota lipu kwa vidole, akainusa. "Mmesahau samadi," akasema kwa Kiteso, akaipaka kwenye sehemu iliyobaki wazi, upande wa nyuma kushoto. Kisha kwa vidole vinne akaanza kuchora. Miezi michanga, mikubwa kwa midogo, imelala mmoja ndani ya mwingine, kutoka ukingo hadi ukingo. Ilikuwa kazi nzuri kuliko yoyote iliyowahi kuonekana katika gereji ile, na ilikuwa haina nafasi popote kwenye kifaru cha Kijerumani.

"Eyalama, Shangazi," Amongin akasema.

"Si neno, mwanangu. Nikaona una kazi nyingi."

Bado kulikuwa na njia. Lipu ile hukauka taratibu. Amongin alijiambia Shangazi akishapumzika ataendelea na safari yake sokoni, naye atalowesha sehemu ile na kuikanda upya kabla haijashika, na dhambi hiyo ataibeba kimyakimya. Lakini Shangazi aliomba kigoda. Akakiweka mbele ya miezi yake, akakaa, akaanza kubambua karanga.

"Soko litakufungia," Amongin akasema.

"Soko la leo ni bovu. Hapa kuna kivuli."

Amongin alilowesha gunia, akalitandaza juu ya sehemu ile. "Jua lisiipasue," akaeleza.

Shangazi akainuka, akalitoa gunia, akalikunja vizuri, akaliweka chini. "Nimesiriba tangu baba yako hajazaliwa. Kazi yangu haifunikwi kama maiti."

Osinya alikuja akasimama, mikono kiunoni. Alikuwa Mteso, desturi aliijua, na mara moja alielewa kila kitu. Furaha ilimjaa. "Amongin," akasema kwa Kiswahili, "hii kifaru naenda vita ama naenda harusi?"

"Nenda kwa lori lako."

"Injinia nakuja saa tisa. Mimi nataka kuwa hapa. Nakaa na shangazi, nakula karanga."

Akakaa kweli. Jua likapanda, miezi ikabadilika rangi kutoka kahawia iliyokolea hadi kahawia iliyopauka, na Amongin, ambaye alikuwa amekwisha kumaliza safu chache zilizobaki nyuma, hakuhitaji kugusa ili kujua. Ilikuwa imekauka. Kuiondoa sasa kungehitaji patasi, na patasi ingehitaji mwenye mkono awe mbali, na mwenye mkono alikuwa anabambua karanga.

Aliosha mikono. Aliifuta polepole kwa kitambaa. Angeweza kungoja Oguttu afike, amwache yeye aseme, kisha alaumiwe Msamia wa ng'ambo asiyejua desturi. Wazo hilo lilipita kichwani mwake naye akaliacha lipite. Kazi ilikuwa yake, na jina lililokuwa likitafutwa lilikuwa lake. Alichukua picha za Oguttu, akapiga magoti mbele ya kigoda kama inavyompasa binti kwa shangazi yake.

"Shangazi, nina neno."

"Nimekuona unalitafuna tangu asubuhi. Liteme."

"Mkono niliokuomba, niliuomba kwa mazoea. Nyumba hii si yangu. Ni ya mtu mwingine, na anaitaka iwe hivi." Akamwonyesha picha. "Ikiwa hivi, jina langu litaandikwa kwa shaba. Isipokuwa hivi, halitaandikwa."

Shangazi aliitazama picha kwa muda, ameisogeza mbali na macho. Osinya aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo mkono wangu ni mbaya."

"Mkono wako ni mzuri. Aliyekosea ni mimi, nilikukaribisha mahali ambapo hapana ukuta wa kukaribishia."

"Na unataka kuuondoa."

"Siwezi. Unajua siwezi. Ndiyo maana nimepiga magoti."

Trela moja ilipiga honi barabarani, ikanyamaza. Shangazi alichukua picha zote, akazipitia moja moja akilowesha kidole. "Matuta, matuta, matuta," akasema. "Hawa watu hawakuwa na dada wa kuwatembelea?" Kisha akafika kwenye moja akasimama. Kifaru kile kilikuwa kimelipuliwa ubavuni. Lipu ilikuwa imebanduka bamba kubwa, kingo zake zimechongoka, na chuma kitupu kinaonekana. "Na hapa?"

"Hapo kombora lilipiga."

"Mwenye kifaru atakubali hapa pawe hivi?"

Amongin aliangalia picha, akaangalia miezi. Sehemu ilikuwa ileile, nyuma kushoto. Kichwa chake kilianza kufanya kazi haraka. "Picha ni yake mwenyewe," akasema.

Shangazi alisimama, akajikung'uta maganda ya karanga. "Sikiliza. Sitaki kisu cha kunifuta polepole kama makamasi ya mtoto. Mkono wangu nimeutia mwenyewe, nitautoa mwenyewe, na nitautoa kama mtu aliyekuwepo. Nipe nyundo."

"Shangazi, ya mpira."

"Ya chuma."

Osinya ndiye aliyemletea, tena kwa mikono miwili, kwa heshima. Shangazi alipima umbali, akapiga. Mwezi mmoja ukaruka. Akapiga tena. Kila pigo kifaru kilitoa mlio kama kengele iliyozama majini, na vipande vilianguka chini vikiwa bado na michirizi ya vidole vyake. Amongin alisimama kando akitazama kitu kimoja tu: kingo. Pigo likitua karibu mno na safu zake za matuta, ufa ungeweza kukimbia ubavu mzima. Ulifika ukingoni. Ukasimama. Pigo jingine. Ukasimama tena.

Katikati ya mapigo hayo pikapu iliingia langoni. Injinia Oguttu alishuka kabla injini haijazimwa vizuri.

"Mama," akasema, "unakifanya nini kifaru changu?"

Shangazi alijibu kwa Kiswahili chake, bila kugeuka. "Napigana nayo. Ngoja kidogo, bado haijashindwa."

Oguttu alimtazama Amongin. Amongin hakutafuta maneno mengi. Alimweleza jinsi ilivyokuwa, tangu salamu mpaka nyundo, akampa ile picha. "Kwingine kote ni kama ulivyotaka," akasema. "Hapa ni kama hii. Ukikataa, nitapajaza sasa hivi, lakini patakauka kesho mchana na maonyesho yameanza. Mimi ningekuwa wewe nisingekataa."

Oguttu alivaa miwani vizuri. Alikizunguka kifaru. Aliinama mbele, akahesabu safu kwa ukucha, akalinganisha na picha, akaguna. Alipofika nyuma kushoto alichuchumaa. Chuma kitupu, kilichokwaruzwa, na kuzunguka chuma hicho lipu iliyovunjika kwa kingo zilizochongoka, kila moja tofauti. Alipitisha kidole kwenye ukingo kwa muda mrefu. Akatazama juu ya kichwa cha Shangazi, aliyekuwa ameshika nyundo begani.

"Mtu akitengeneza uharibifu kwa makusudi, huonekana," akasema. "Huu hauonekani umetengenezwa."

"Sasa kitembeze," Amongin akasema. "Ndiko kwenye kazi."

Uwanja wa gereji una kila ubaya: mawe, springi zilizokatika, matairi yaliyozikwa nusu, na kile kijilima cha changarawe ambacho Osinya husema kila mwaka atakisawazisha. Oguttu alitoa rimoti mfukoni. Minyororo ilikaza, kifaru kikatetemeka, kikaondoka. Kilipita kwenye springi kikadunda. Kilipanda tairi, kikainua pua, kikaanguka upande wa pili kwa kishindo. Mafundi waliacha kazi zao. Amongin alitembea kando yake akiwa ameinama, kiganja kimegusa ubavu, anakisikiliza kwa ngozi. Kipande kidogo kilidondoka kutoka mahali pa Shangazi. Halafu hakikudondoka kingine. Kifaru kilipanda kijilima, kikasimama juu kabisa, mzinga ukielekea kwenye foleni ya matrela, na dereva mmoja wa Mombasa akainua mikono juu kujisalimisha.

Amongin aliinuka. "Imeshika," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema ni saa ngapi.

Oguttu alikuwa ameshafungua kisanduku cha kibao na kalamu ya chuma. "Niandike nani na nani?"

"Mimi usiniandike," Shangazi akasema. Alikuwa amekwisha kurudi kwenye kigoda. "Mkono wangu nimeuondoa mbele ya mashahidi. Jina langu kwenye kitu cha vita litafanya nini? Mwandike huyu. Na uandike vizuri, mwisho wake kuna 'n'."

Oguttu aliandika akiwa amepiga goti kwenye changarawe, herufi moja moja. Osinya alisogea akasoma, midomo ikitembea. Alitaka kusema kitu kuhusu kivuli, Amongin akamtazama, akaamua kuuliza kama kuna karanga zilizobaki.

Mbao mbili ziliegemezwa nyuma ya pikapu. Oguttu alimpa Amongin rimoti. "Kipandishe wewe," akasema. "Macho yangu yamechoka."

Hakuwahi kushika kitu kama kile. Alikigeuza mkononi mara moja, akajua wapi ni mbele na wapi ni nyuma, akakielekeza kifaru kwenye mbao na kukipandisha polepole, mnyororo wa kushoto ukigusa ukingo kabisa wa ubao, mpaka kikakaa ndani.